Chambo Kisichoharibu Maji: Mwongozo kwa Wavuvi wa Ndoana wa Ziwa Victoria na Malambo Yanayolizunguka

Mvuvi wa ndoana hujihesabu kuwa mvuvi mwema, na kwa sehemu kubwa ana haki ya kufanya hivyo. Ndoana haikwangui sakafu ya ziwa kama kokoro, yaani wavu wa kuburuzwa, haizoi mayai na vifaranga, na mwenye kuitumia anaweza kuchagua ukubwa wake ili sangara ambaye hajafikia sentimita 50 apate nafasi ya kukua. Hata hivyo, hesabu hiyo huanzia pale ndoana inapozama. Uharibifu mwingi wa uvuvi huu hutokea kabla ya hapo, mahali chambo kinapotafutwa, au baada ya hapo, mahali kilichobaki kinapomwagwa. Migonzo, yaani kamba ndefu inayofungwa ndoana nyingi, ikiwa na ndoana 500 na ikitiwa samaki mdogo mmoja kwa kila ndoana kwa usiku 20 wa mwezi, humaliza samaki wadogo 10,000, na wengi wao hutolewa kwenye vichaka vya mafunjo na maji ya kina kifupi ambamo ziwa hulea watoto wake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwenye migonzo, kwa mwenye mshipi wa mkono, na pia kwa yule anayekaa juu ya jiwe siku ya Jumamosi na fimbo moja akisubiri sato. Hatua zake zinafuata mpangilio wa safari yenyewe ya uvuvi, tangu kutafuta chambo hadi kurudi nyumbani.

Hatua ya kwanza: jua maji unayovulia

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Ugali anaoutupa mtu mmoja ufukweni ili kuwavuta samaki hauwezi kulibadilisha, na ni haki kusema wazi kwamba rutuba inayolichafua ziwa hili hutoka zaidi kwenye maji taka ya miji, mashamba na mmomonyoko wa udongo kuliko kwenye ndoo ya mvuvi. Lambo la kijiji lenye ukubwa wa ekari mbili ni jambo jingine kabisa. Halina mto unaolisafisha, hupungua kiangazi hadi kubaki dimbwi, na mara nyingi ndilo linalonywesha ng'ombe. Kilo chache za unga kila wiki zinaweza kuonekana ndani yake kwa macho.

Kwa hiyo, kabla ya kuamua chambo gani utumie, jiulize maji haya ni makubwa kiasi gani, yanatoka wapi na kwenda wapi, na ndani yake wanaishi samaki gani ambao hawapo kwingine. Kwenye ziwa kubwa, angalizo lako kuu liwe namna ya kupata chambo. Kwenye lambo, liwe kiasi unachotupia na viumbe unavyokuja navyo.

Hatua ya pili: chunguza chambo chako kimetoka wapi

Asubuhi moja mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nilimwomba kijana muuza chambo aniruhusu nitazame ndoo yake. Ilikuwa na furu wapatao mia moja, wadogo kama kidole cha shahada, wamesongamana na wengi wao wamekwisha kuelea kwa ubavu. Nilipomshika mmoja aliyevimba chini ya taya, alifunua kinywa, na kiganjani mwangu vikadondoka vijitu vyenye macho meusi, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, vikirukaruka.

"Wanatapika tu, mzee," kijana aliniambia. "Wakibanwa hutapika."

Hakuwa akitapika. Furu jike walio wengi katika ziwa hili hubeba mayai yao kinywani, na baada ya kuanguliwa huendelea kuwahifadhi watoto humo hadi waweze kujitegemea. Hawazai maelfu kama sangara. Hubeba makumi tu. Anayemchukua jike mmoja wa namna hiyo amechukua familia nzima. Inafaa kukumbuka kwamba furu waliwahi kuwa mamia ya aina katika ziwa hili moja, na kwamba aina nyingi zilitoweka katika miaka ya 1980 baada ya sangara, ambaye wenzetu wa Kenya humwita mbuta na ambaye aliingizwa ziwani kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kuongezeka kupita kiasi. Waliobaki ni masalia yenye thamani, na baadhi yao wameanza kurudi. Kuwafanya kuwa chambo cha kumvulia sangara yule yule ni kumsaidia kazi aliyoianza.

Ukikutana na muuza chambo, muulize mambo mawili: amewapata wapi, na amewapata kwa chombo gani. Majibu yafuatayo yatoshe kukufanya usinunue.

Kokoro ni la kwanza. Ni haramu, na ubaya wake kwa chambo ni ule ule wa kila siku: huburuzwa kwenye maji ya kina kifupi ambamo sato dume huchimba viota vyao, na hukusanya kila kilicho hai. Chandarua ni la pili, na wengi hulichukulia kama jambo dogo kwa sababu linafanywa na watoto. Tundu zake ni ndogo kiasi kwamba hata vifaranga wa siku chache hawapiti. Zaidi ya hayo, vyandarua vilivyotiwa dawa ya mbu vina viuatilifu vya jamii ya pairethroidi, ambavyo humdhuru binadamu kidogo sana lakini ni sumu kali kwa samaki na kwa wadudu wa majini wanaoliwa na samaki. La tatu ni utupa, mmea wenye sumu ya samaki. Majani yake yakipondwa na kutiwa kwenye kijito huleta samaki juu kwa haraka, na anayetaka chambo huokota wadogo anaowataka. Lakini sumu hiyo haimchagui anayelengwa, na walioachwa kwenye matope hufa bila faida kwa yeyote.

Kuhusu kamongo wadogo, ambao hupendwa kwa sababu hudumu hai kwenye ndoana kwa muda mrefu, ushauri wangu ni kuwaacha kabisa. Kamongo hujenga kiota ndani ya mafunjo na dume hukilinda, hivyo mtafuta chambo hulazimika kufyeka mafunjo, kukanyaga kiota na kumfukuza mlinzi ili apate vifaranga. Samaki huyu amekwisha kupungua mno katika sehemu nyingi za ziwa, na mafunjo yaliyofyekwa ndiyo yaliyokuwa yakichuja tope linaloshuka kutoka mashambani.

Kilicho bora kwa mwenye migonzo ni vifaranga vya kambare vilivyozalishwa kwenye mabwawa ya ufugaji. Kambare ni mwenyeji wa bonde hili, kwa hiyo akichomoka kwenye ndoana hajawa mgeni. Ana kiungo cha kupumulia hewa, ndiyo maana huvumilia kusafirishwa kwenye maji kidogo na kubaki mchangamfu majini usiku kucha. Nunua kwa mfugaji aliye ndani ya bonde la ziwa, chagua wenye ukubwa unaolingana, kwa kuwa kambare wakubwa huwala wadogo ndani ya ndoo hiyo hiyo, na chukua idadi ya ndoana zako pamoja na akiba ndogo tu. Bei yake ni kubwa kuliko ya furu wa kokoro, hilo sikatai. Lakini bei ya furu ni ndogo kwa sababu gharama yake hulipwa na ziwa.

Hatua ya tatu: fuga minyoo yako mwenyewe

Kwa mshipi wa mkono na kwa fimbo, mnyoo wa ardhini anatosha kwa sato, kambare mdogo na gogogo. Tatizo lake ni mahali anapochimbwa. Wengi huchimba kwenye kingo zenye unyevu, hatua chache kutoka majini, na kila shimo huacha udongo uliolegea ambao mvua ya kwanza huusukuma ziwani. Ukingo unaochimbwa kila siku na watu kumi hauchukui misimu mingi kabla ya kumomonyoka.

Chukua debe au ndoo ya lita 20 na uitoboe matundu madogo chini ili maji yasituame. Tandika majani makavu ya mgomba yenye unene wa vidole vinne, kisha jaza nusu ya ndoo kwa samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Samadi mbichi haifai, kwa kuwa hupata joto na kutoa gesi inayoua minyoo. Nyunyiza maji hadi samadi iwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa: ukiifinya kiganjani itoke tone moja au mawili, wala isitiririke. Weka minyoo 50 hadi 100 kutoka kwenye lundo la samadi la jirani, funika kwa gunia lililoloweshwa, na uiweke ndoo kivulini.

Chakula chao ni maganda ya ndizi, mabaki ya mboga na majani ya chai yaliyotumika, kiasi cha konzi moja au mbili kila baada ya siku chache. Usiwape limau, pilipili, chumvi wala mabaki yenye mafuta. Adui mkubwa ni siafu na sisimizi. Simamisha ndoo juu ya mawe matatu na kuyazungushia majivu makavu, na uyabadilishe kila yanapolowa. Usichukue chochote katika wiki sita hadi nane za mwanzo. Baada ya hapo ndoo moja inaweza kumtosha mvuvi wa mwisho wa wiki kwa muda mrefu, mradi asichukue zaidi ya nusu ya waliokomaa kwa mara moja.

Hatua ya nne: usihamishe chambo hai kutoka maji haya kwenda maji mengine

Kama msomaji atashika hatua moja tu katika mwongozo huu, naomba iwe hii. Makosa mengine yote yanaweza kurekebishwa. Ukingo hupandwa nyasi, ugali uliozidi huliwa au huoza, na plastiki huokotwa. Samaki au mdudu aliyezaliana katika maji mapya hatoki tena.

Historia ya kanda yetu inatosha kuwa ushahidi. Katika Ziwa Naivasha, kamba wa maji baridi kutoka Louisiana nchini Marekani waliingizwa mwaka 1970 kwa nia ya kuinua uvuvi. Walikula mimea ya majini, na mayungiyungi yaliyokuwa yakilipamba ziwa yakatoweka katika sehemu kubwa. Kamba hao wanapendwa kama chambo, hutembea nchi kavu usiku wenye unyevu, na huishi siku kadhaa ndani ya gunia bichi. Mtu mmoja akiwapeleka lambo lisilo nao, kazi imekwisha.

Mfano wa mbali unaonyesha wazi zaidi jinsi chambo chenyewe kinavyohusika. Katika wilaya ya maziwa ya kaskazini mwa Uingereza, wavuvi waliowinda samaki mkubwa aitwaye pike walibeba samaki wadogo hai kutoka maji mengine, na waliobaki wakaachiwa. Mmoja wao, aitwaye ruffe, ni mlaji wa mayai ya samaki. Katika ziwa la Bassenthwaite, samaki adimu aitwaye vendace, ambaye alikuwa akiishi katika maziwa machache mno ya nchi hiyo, aliporomoka kwa sababu ya wageni hao pamoja na tope lililofunika mahali pake pa kutagia. Mwaka 2002 matumizi ya samaki wa maji baridi kama chambo hai yakapigwa marufuku katika maziwa kadhaa ya eneo hilo.

Sisi tuna vendace wetu. Ngege wa asili wa Ziwa Victoria, ambaye alikuwa kitoweo kikuu kabla ya sato wa kigeni kuletwa katika miaka ya 1950, karibu ametoweka kwenye ziwa kuu, lakini amebaki katika viziwa vya pembeni kama Kanyaboli upande wa Kenya, pamoja na furu ambao ziwani hawaonekani tena. Viziwa hivyo na malambo ya zamani ni ghala la mbegu. Mvuvi anayechota dagaa, furu na vifaranga mchanganyiko ziwani kisha akaenda navyo kuvua kwenye kiziwa cha namna hiyo anaweza, bila kujua, kubeba kifaranga cha sangara au cha sato ndani ya ndoo moja na wengine. Wakiwa na urefu wa sentimita mbili, hata mtaalamu hupata shida kuwatofautisha.

Maji ya ndoo nayo ni mzigo. Ugonjwa wa vidonda vya samaki uliojitokeza katika mto Zambezi na Chobe mwaka 2006 na 2007 husababishwa na kiumbe mfano wa ukungu, ambacho mbegu zake huogelea majini na hazionekani kwa macho. Vipande vya gugu maji na mayai ya konokono husafiri kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo kanuni ni fupi: samaki wa chambo atumike katika maji alimotoka, au atoke katika bwawa la ufugaji lililo katika bonde hilo hilo, na maji yake yamwagwe nchi kavu, mbali na ukingo. Unapokwenda kuvua lambo au kiziwa, tumia minyoo, vipande vya samaki waliovuliwa humo humo, au chambo bandia.

Hatua ya tano: pima unachotupia

Wavuvi wengi wa sato humwaga pumba, ugali au mashicha majini ili kuwakusanya samaki kabla ya kutupa ndoana. Njia hiyo inafanya kazi. Kinachoharibu ni kutopima. Chakula kisicholiwa huzama, huoza na kutumia oksijeni iliyoko chini, na fosforasi yake hulisha mwani. Siku chache baadaye maji hugeuka kijani, na alfajiri, wakati oksijeni iko chini kuliko saa zote, samaki huonekana wakihemea juu.

Ipo hesabu nyepesi ya kujiongoza. Kilo moja ya unga wa dona ina fosforasi ya kiasi cha gramu 2 hadi 3. Samaki mzima wa kilo moja hubeba kiasi cha gramu 4 hadi 5, nyingi ikiwa ndani ya mifupa. Maana yake ni kwamba anayetupia kilo moja ya unga na kuondoka na kilo moja ya samaki amelitoa lambo rutuba zaidi ya aliyoliongezea. Anayetupia kilo tano na kuondoka na sato mmoja wa nusu kilo amelitia mbolea. Na yule anayevua kwa kujiburudisha, akamwachia kila samaki, hana anachotoa hata kidogo, hivyo ndiye anayepaswa kutupia kidogo kuliko wote.

Pima kabla ya kutoka nyumbani: kikombe kimoja cha chai cha unga kwa mtu kwa siku kinatosha kwenye lambo. Ukande kwa maji kidogo hadi ushikamane, ufanye vidonge vya ukubwa wa kokwa ya embe, na utupe kimoja kimoja. Ukiona mapovu na mikia, subiri. Ukiona kimya kwa nusu saa, hama mahali, usiongeze. Usichanganye chumvi, rangi wala mafuta, na wale wanaotumia vipande vya sabuni kuvulia kambare waache, kwa sababu sabuni huondoa ute unaolinda ngozi na matamvua ya samaki, wakiwemo wale ambao hawakuimeza.

Hatua ya sita: chubwi, nailoni na chambo bandia

Hapa maneno yanaweza kuwa machache. Chubwi, yaani kizito cha kuzamishia ndoana, ikiwa ya madini ya risasi na ikikatika hubaki majini kwa vizazi, na ndege wanaomeza mawe madogo ili kusaga chakula huimeza pia. Uingereza ilipiga marufuku chubwi ndogo za risasi mwaka 1987 baada ya mabata maji wake kufa kwa sumu hiyo. Nati ya chuma, jiwe lenye tundu au donge la udongo lililochomwa kama chungu hufanya kazi ile ile. Chambo bandia cha plastiki laini kina faida ya kutohamisha kiumbe chochote, lakini samaki akikimeza hakimeng'enyeki, kwa hiyo kikichanika usikitupe. Rudi nacho nyumbani pamoja na vipande vyote vya nailoni.

Hatua ya saba: kabla ya kuondoka ufukweni

Samaki wa chambo waliobaki hai warudishwe majini ikiwa tu walitolewa katika maji hayo hayo siku hiyo hiyo. Waliotoka kwingine, hata kama ni kambare wa bwawa unayemwamini, wapeleke nyumbani, wawe chakula cha kuku au wafukiwe kwenye shamba la migomba. Kuwatupa ufukweni wakiwa wafu huvuta nzi na mbwa, na mawimbi ya jioni huwarudisha majini kabla hawajakauka.

Minyoo iliyobaki irudi kwenye ndoo yake. Kwa ndugu zetu wanaovua Marekani kaskazini, karibu na Maziwa Makuu, jambo hili ni zito zaidi kuliko kwetu: misitu ya huko ilibaki bila minyoo tangu zama za barafu, na minyoo ya Ulaya iliyoachwa na wavuvi na wakulima imekuwa ikila tabaka la majani ambamo miche michanga huota. Huko hakuna kumwaga mnyoo hata mmoja chini ya mti.

Chambo kifungwe kwenye kopo lenye kifuniko au kwenye jani la mgomba. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, lakini vifuko vyembamba vya chambo bado vinaonekana kwenye miamba.

Mwisho, suuza ndoo, nyavu ndogo na viatu kwa maji safi ukiwa nchi kavu, ondoa kila kipande cha jani na tope, kisha uvianike juani siku mbili kamili. Ukiwa na safari ya kwenda maji mengine kesho yake, tumia ndoo nyingine.